Kilomita za Eda

Siku ya arobaini na moja ya eda yake, Zamzam aliisimamisha baiskeli ya marehemu mumewe kwa stendi pale uani, gurudumu la nyuma likawa hewani, akapanda na kuanza kupiga pedali. Alichoka kukaa. Abbasi aligongwa na lori Chalinze akijizoeza kwenda Kigoma kwa baiskeli hiyo kwa siku tano, na tangu hapo Zamzam hakuvuka kizingiti cha nyumba yao ya Kariakoo. Miguu ilikuwa inamwasha.

Alasiri hiyo, bila kutoka uani, alifika Kibaha. Aliposhuka, Bi Maimuna, mama mkwe wake, alimwambia afute vumbi la matairi kwanza, uani pametoka kufagiliwa.

Wiki ya pili alikuwa Morogoro, ya nne Dodoma. Wapangaji wakaanza kumwagiza vitu vya huko. Stella wa chumba cha mbele alilalamika kidogo kwamba zabibu zimepondeka. Zamzam hakuridhika na kitu. Akifika Dodoma anawaza Singida. Akilala, miguu inaendelea chini ya shuka. Aliitaka Kigoma, tena kwa siku nne, Mungu amsamehe.

Jumanne moja, akipita Chalinze, aliliona lori. Kichwa cha bluu, na kengele ya baiskeli, iliyong'oka siku Abbasi alipogongwa, ingali imenasa kwenye bampa. Dereva alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Polisi walikuwa wamesema lori halijulikani, basi Zamzam akaishika namba, na Bi Maimuna akaipeleka kituoni.

Askari alikuja kesho yake, mtu mpole, akavua kofia.

"Pole sana, shemeji. Uliliona lini?"

"Jana, saa kumi jioni."

"Jana ulikuwa Chalinze?"

"Astaghfirullahi!" Bi Maimuna alisimama. "Mkwe wangu yuko eda, afande! Hajatia mguu nje ya mlango huu. Wallahi!"

Stella naye akaapa, ameshika Biblia yake. Wapangaji wote wakaapa mmoja mmoja, maana hakuna aliyetaka mjane wa watu asemwe vibaya, na walichosema kilikuwa kweli tupu. Askari akaandika kwamba shahidi hakuwepo eneo la tukio. Akafunga jalada, akanywa chai, akasifu zabibu.

Zamzam alikasirika.

"Mama, umemwachia yule dereva."

"Nimekusitiri, mwanangu."

Siku ile ile alipanda tena. Alipiga pedali kwa hasira, akapita Chalinze, Dodoma, Manyoni, bila kushuka hata kunywa maji. Mbele ya Manyoni lori lile la bluu lilimkuta. Dereva alipunguza mwendo, akampa nafasi ya kutosha, akatoa kichwa dirishani.

"Pole na safari, dada!"

"Asante," alijibu Zamzam kabla hajajizuia. Kisha akalifukuza hadi Tabora, na halikusimama. Naye hakushuka; mbele ilibaki Kigoma tu.