Mteremko wa Sebuleni

Kabla ya chai, kama kila asubuhi, fundi vigae aligonga meza ya sebuleni kwa kijiko. Mkewe akazima jiko, akamfunga mtoto mgongoni, akaja na Biblia mkono huu na tambara la deki mkono ule. Biblia ilikuwa ya mumewe.

Fundi alisoma mistari michache, akafumba macho, akaanza kuomba. Aliposema "Ee Baba mwema," ute wa kwanza ulimchuruzika mdomoni, mweupe, mzito, ukaning'inia kidevuni kisha ukadondoka pwa kwenye kigae. Kwenye shukrani ulikuja mwembamba, kama makamasi ya mafua. Alipofika kwa wagonjwa, wajane na wazee waliosahauliwa, pale ambapo sauti yake hutetemeka, ulimtoka kwa madonge ya uvuguvugu, yenye harufu ya maji ya maua yaliyoozea kwenye chombo. Mkewe aliinua miguu. Mtoto naye alikunja yake. Alijua hilo kabla ya kujua kutambaa.

"Amina," alisema fundi, akajipangusa kidevu kwa leso.

"Amina," alisema mkewe, akapiga magoti kudeki.

Kutoka stoo ya nyuma, "Amina" ya tatu ilifika imechelewa, nyembamba kama uzi. Huyo alikuwa bibi, mama mzazi wa fundi.

Zamani sakafu haikulowa. Wakati huo bibi alikaa kwenye kiti cha dirishani, na yeye ndiye aliyekuwa ameijenga ibada ile: mwanawe angali mdogo, alimzoeza kwamba hakuna kugusa kikombe kabla ya kumsalimia Mungu. Halafu asubuhi moja, katikati ya somo, bibi alijikojolea juu ya vigae vipya. Fundi hakumgombeza. Alimhamishia stoo, kati ya maboksi ya vigae na mifuko ya saruji, akamtandikia vizuri, na kesho yake ute ukaanza.

Siku za Alhamisi jirani mshonaji alikuja kusali nao. Alivua viatu mlangoni, akavishika mkononi muda wote.

"Shoga, leo kaomba kweli kweli," alimnong'oneza mke wa fundi, akikamua pindo la gauni kwa vidole. "Wangu mimi hata kufumba macho hajui. Una bahati wewe!"

Mke wa fundi alisema asante. Hakutaka bahati. Alitaka kitu kimoja tu: bibi arudi kwenye kiti chake cha dirishani wakati bado ana sauti ya kuimbia. Ijumaa, alipokuwa anakamua tambara, alisema.

"Baba watoto, kesho nimlete mama tusali naye. Nitamwosha mapema, nitamtandikia mpira."

"Ibada inataka utulivu, mama watoto. Yule anaimba katikati ya Neno."

"Anaimba zile alizokufundisha."

Fundi alikuwa anatazama ndoo, na magoti ya mkewe yaliyosuguka, na moyo ukamlainika, maana alimpenda mkewe.

"Unaumia na deki, najua," alisema. "Kosa ni langu. Hii sakafu niliipiga sawa mno. Haina mteremko."

Jumamosi hakwenda kazini. Alibandua vigae vyote vya sebuleni, akavuta uzi, akaweka pima maji, akavipanga upya kimoja kimoja akivigonga kwa nyundo ya mpira. Mteremko hakuuelekeza mbele, kwa sababu huko ndiko wageni wanakoingilia. Aliuelekeza nyuma. Mwisho alikata mlango wa stoo kwa chini, upana wa vidole viwili, akamwaga kikombe cha maji kupima kazi yake. Maji yalikwenda bila kusita, yakapita chini ya mlango.

"Umeona? Hutadeki tena maishani."

"Na mama?"

"Mama si ana kitanda?"

Jumapili fundi aligonga meza. Alisoma, akafumba macho, akaanza kumshukuru Mungu kwa hekima ya mikono. Mkewe alinyanyuka taratibu, akapita nyuma, akafungua stoo. Sakafu ya huko ilikuwa kavu, nyeupe kwa vumbi la saruji. Alichukua ndala za bibi, akaziweka juu ya mfuko. Akapanda kitandani, akamweka mtoto katikati yao.

Bibi alikuwa anaimba. Mtoto alimtazama mdomoni, akasubiri, lakini hakikutoka kitu ila wimbo.

Ute uliingia kwa chini ya mlango kama maziwa yaliyochemka yakamwagika. Ulizunguka maboksi, ukafika miguu ya kitanda, ukatulia hapo, ukipanda kidogo kidogo.

"Nani huyo anaomba vizuri hivyo?" aliuliza bibi.

"Mwanao, mama."

"Mungu ambariki. Nilimzoesha angali mdogo."

"Ndiyo, mama. Hajaacha hata siku moja."

Walikunja miguu, wote watatu. Sebuleni sauti ilikuwa imefika kwa wazee waliosahauliwa, inatetemeka. Kisha ikaja "Amina," na stoo ikaitikia. Sakafu ya sebuleni ilikuwa inang'aa. Fundi akaita chai.