Maji ya Mgeni

Mwaka 1956 daktari wa Kizungu pale Walikale alikuwa na saruji ya kujengea chemchemi moja tu, na vijiji viwili vilikuwa vikiigombania, Mpofi na jirani yake. Akaamua maji yenyewe yaseme: kijiji chenye maji machafu zaidi ndicho kijengewe. Akamtuma Nestor, muuguzi wake, alete chupa ya maji kutoka kila kijiji.

Nestor aliiombea Mpofi. Dada yake Agathe aliolewa huko, na alikwisha kuzika watoto wawili kwa kuhara damu. Alibaki Valérie peke yake, naye maji yake yalichemshwa kila siku, kwa sababu Nestor alikuwa amesisitiza mpaka akaitwa msumbufu.

Alifika Mpofi amechoka taabani. Alipotaka kuteremka chemchemini na chupa yake, Agathe alimnyang'anya. Kaka ateke maji na dada yupo? Majirani wangepata la kusema mwaka mzima. Nestor akacheka, akaketi, akala ndizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, kana kwamba kusema kunatosha. Agathe alikawia sana, lakini Nestor hakumuuliza.

Walikale, waliyavuta maji kwa pampu ya mkono yapite kwenye kichujio, kiduara cheupe, chembamba kama ganda la kitunguu, ambacho vijidudu vya maradhi havipenyi. Kiduara wakakilaza juu ya chakula cha vijidudu, wakakiweka penye joto mpaka kesho yake. Vikiwepo, huzaana hata vikaonekana kwa macho. Kichujio cha kijiji jirani kilijaa madoa. Cha Mpofi kilibaki cheupe pepepe.

Saruji ikaenda kwa jirani. Nestor aliisikitikia, lakini kwa ajili ya mtoto alifurahi, tena alifurahi kweli. Akatuma habari kwa dada yake kwamba maji ni salama, asijisumbue tena na kuni mbichi za masika.

Mwezi haujaisha, akaitwa Mpofi. Valérie alikuwa mkekani, macho yamezama, damu haikatiki. Nestor alimpa dawa zote alizokuwa nazo, kisha akamuuliza Agathe ile chupa aliijaza wapi.

"Kule juu mu pori, kwenye maji inatoka mu jiwe," Agathe akasema. "Mugeni hawamupe maji ya huku chini, kaka. Ile ni ya siye. Nikupe machafu, munganga wako Muzungu atatuona namna gani?"

"Na Valérie alikunywa ya wapi?"

"Ya huku chini. Ulituma habari kama iko safi, njo maana nikaacha kuchemusha."

Nestor alirudi mbio kwa daktari kuomba maji yapimwe upya. Vichujio vilikuwa vimekwisha, na vingine vingetoka Ulaya, haijulikani lini. Saruji ilikwisha kukauka kwenye chemchemi ya jirani. Aliporejea Mpofi, walikuwa wanachimba kaburi.

Alikaa karibu na dada yake. Roho ilimuuma kiasi cha kutamani apigwe. Mwishowe akasema lile moja alilokuwa nalo.

"Ni maji, dada. Uanze tena kuchemusha."

Agathe alimtazama kwa upole.

"Nichemushie nani?"