Kumtoa Suzana Kwenye Picha

Yeremia, mwenyekiti wa kwaya, alimkuta Evelina peke yake kwenye steshenari yake pale Nyakato. Akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nimekuja kwa ile picha ya kava ya albamu. Wazee wa kanisa wamekaa. Suzana atolewe."

Evelina akaacha kuchapa. Suzana alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na ndiye aliyeongoza nyimbo zote za albamu hiyo. Tangu mimba ianze kuonekana, na yeye kukataa kumtaja aliyempa mimba, kanisa lilikuwa limemtenga.

"Na sauti yake je?"

"Sauti haina tumbo," Yeremia alisema. "Nyimbo zitabaki."

"Tafuteni mtu mwingine, mwenyekiti."

"Fundi wetu ni wewe. Au na wewe uko upande wake?"

Evelina naye aliimba kwenye kwaya ile, na aliipenda. Akasema ataifanya kazi hiyo.

Picha ilipigwa juu ya mawe, ziwa likiwa nyuma yao. Suzana alisimama katikati, amemshika mwenzake Rebeka mkono. Evelina alibofya gauni la Suzana ili kompyuta imchague yeye tu. Mstari wa vitone ukamzunguka, ukaendelea kwa Rebeka, kwa Sabina, hadi kwa Evelina mwenyewe mwisho wa safu. Sare ilikuwa moja, rangi moja. Akapunguza kiwango cha rangi inayochaguliwa, bado ikashindikana. Ikabidi amzungushie kwa mkono, akikuza picha hadi uso wa mdogo wake ukawa miraba midogo ya kahawia. Kwenye gauni aliusogeza mstari ndani pikseli mbili, kwenye nywele akaulainisha ukingo usionekane umekatwa. Vidole ndivyo vilivyomsumbua, maana vilikuwa vimeingiliana na vya Rebeka. Alivifuta kimoja kimoja. Kisha akaziba pengo kwa maji ya ziwa na kuwasogeza wenzake wakaribiane.

Yeremia alimsifu mbele ya kwaya nzima. Yeye akasema asante.

Suzana aliiona kava hiyo imebandikwa kwenye duka la jirani, spika ikiimba kwa sauti yake. Alikuja akasimama mlangoni pa steshenari, tumbo likimtangulia.

"Ni wewe uliyenitoa?"

"Walikuwa wameshaamua, Suza. Nisingefanya mimi, angefanya mwingine."

"Basi ungemwachia huyo mwingine."

Evelina alimvutia kiti. Suzana hakukaa.

"Nimetafuta hata alama ya pale niliposimama," alisema. "Hakuna. Umejitahidi, dada."

Wiki hiyohiyo alihamia kwa shangazi yao, Usagara. Simu za Evelina hakuzipokea. Alipojifungua mtoto wa kike, Evelina alizipata habari mazoezini kutoka kwa Rebeka, aliyekuwa ameshakwenda kumwona.

"Amempa jina gani?" Evelina aliuliza.

Rebeka akainamisha macho. "Ameniomba nisikuambie."

Mwalimu akagusa kinanda, na wote wakasimama kuimba.