Mstari Usio na Pengo

"Mama, marehemu Lodi Carrowmore alikuwa kamanda wa namna gani?" aliniuliza yule kijana kutoka London, kalamu mkononi. Familia ya Lodi huyo, bwana mkubwa mwenye cheo cha kurithi, imemtuma aandike kitabu kuhusu utumishi wake katika kikosi cha wanamgambo wa hapa Clare.

"Kamanda?" nikasema. "Ukamanda aliuvaa kila Juni kama nguo ya harusi. Mafunzo yenyewe wiki nne tu, na mbili za kwanza yuko Dublin kwenye mbio za farasi! Akija, anakuja na mbwa wake wa kuwindia. Mwaka uliobaki alikuwa mwenye ardhi yetu."

"Lakini nasikia askari walimpenda kama baba yao."

Loo! Baba! Nikampokonya kikombe cha chai nilichompa mwenyewe.

"Nisikilize, wewe. Mume wangu Bartley alijiandikisha kwa sababu wakala wa Lodi alituahidi kwamba nyumba yenye askari haiguswi. Juni ile Bartley akiwa kambini, wakala huyohuyo akaja: tokeni, Lodi anataka malisho ya kondoo, kesho tunabomoa. Na mimi mimba imeshakuwa kubwa! Dada yangu Honor akakimbia hadi kambini. Bartley akampigia Lodi saluti, akaomba ruhusa ya siku moja. Unajua huyo 'baba' yao alijibu nini?"

Kijana akatikisa kichwa.

"'Kesho jenerali anakuja kutukagua. Ukiondoka, mstari utakuwa na pengo.' Basi kesho yake Bartley akasimama kwenye mvua, bunduki begani, na huku kwangu paa linavutwa chini kwa kamba. Uchungu ukanishika. Nikajifungulia mtaroni. Mtoto wa kiume, akatoka amekufa. Padri hakumkubali kwenye makaburi ya kanisa kwa kuwa hakubatizwa. Honor akamzika kondeni, na kondoo wa akina Lodi wanakula majani juu yake mpaka leo."

"Pole sana, Mama. Ila... familia haitakubali niandike hayo."

"Najua haitakubali! Andika basi wanachotaka. Andika kwamba siku ile jenerali alifurahi, mstari haukuwa na pengo. Hiyo ni kweli tupu."

Na kweli akainama, akaandika! Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto aliitwa nani?"

"Hakuitwa. Jina angempa baba yake, na baba yake alikuwa mstarini."