Matanga ya Mjomba Bisimwa

Mama Lanyero mwenyewe ndiye aliyemtafuta marehemu. Alikuja asubuhi mlangoni kwa mpangaji wake Nabintu, leso kaifunga kiunoni, macho yamemtoka, akasema leo lazima mtu afe.

"Nani tena, mama?" Nabintu akauliza, mswaki mdomoni.

"Yeyote! Wa kwenu huko Kongo, wa mbali. Watu wa divisheni wanakuja kukagua nyumba."

Nabintu alielewa papo hapo. Wiki nzima gari la divisheni, ile serikali ya eneo, lilikuwa likizunguka mtaa wa Kyebando na vipaza sauti, likiwatangazia wenye nyumba za kupangisha: wapangaji wawe na vyoo vya kutosha. Mwenye nyumba atakayekwenda mwenyewe kuomba msaada kabla hajakaguliwa atapewa saruji na mafundi wa kumjengea. Atakayefichaficha, nyumba yake itapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na wapangaji watoke. Sasa Mama Lanyero, mjane wa sajenti, alikuwa na safu nzima ya vyumba na choo kimoja tu, tena mlango wake gunia. Nafasi ya choo kingine ilikuwepo, kubwa kabisa, pale kona ya nyuma. Lakini hapo alikuwa ameshajenga msingi wa chumba cha kupangisha, na ukimtajia choo mahali pale anakutazama kama umemtukania mama yake.

"Kwenye matanga nani ataingia na tepu kupima kuta?" akasema. "Watakaa kidogo, watatoa pole, wataenda zao. Na nyinyi Wakongo munajua kulia."

Nabintu akatema povu. Nyumba ikipigwa X, yeye na watoto wake na vitenge vyake vya biashara watalala wapi? Chumba hiki alikipata kwa taabu, maana wenye nyumba wengine wakisikia tu lafudhi yake wanasema vyumba vimejaa. Lakini choo kile nacho, jamani, kilikuwa kimemfika hapa! Akisema ukweli yuko barabarani, akidanganya atasimama foleni ya gunia mpaka azeeke. Akafikiri kidogo, akakubali, ila kwa sharti moja. Hatamlilia mtu aliye hai, kwa sababu kwao kumlilia mzima ni kumwitia kifo.

"Tutazua mtu ambaye hakuwahi kuwepo," akasema. "Mjomba Bisimwa. Amefia Bukavu, mwili uko huko, sisi tunalia huku."

"Awe Bisimwa basi. Fanya haraka!"

Haikuchukua muda, ua ukawa umejaa mikeka na wanawake waliofunga vichwa. Augustin, fundi cherehani wa chumba cha mwisho, alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa kwa majonzi makubwa, akinong'ona kuuliza kama chai itakuwa na sukari. Kilichowaponyoka ni majirani. Hao hawakuambiwa siri, wakaona watu wanalia, wakaja kama ilivyo desturi, huyu na mkaa, yule na maandazi. Nabintu aliona haya. Maandazi aliyapokea.

Ofisa wa divisheni alipofika, tepu mfukoni na kopo la rangi mkononi, alisimama getini kama aliyefumwa. Jina lake Ojera, mtoto wa konstebo, aliyezaliwa na kukulia kwenye kambi ya polisi, ambako watu husema Kiswahili, kwa hiyo lugha hiyo ilikuwa yake. Akaliacha kopo nje, akavua kofia, akaketi mkekani pamoja na watu.

"Poleni sana," akasema. "Mimi nitakuja siku nyingine."

Mama Lanyero karibu acheke kwa raha. Akamkonyeza Nabintu: haya, lia!

Nabintu akalia.

"Yooo, mjomba Bisimwa! Umetuacha na nani? Ulikuja kututembelea Pasaka, tukakupikia samaki, tumbo likakukata, ukaenda kusimama foleni ya choo! Ukasimama, mjomba, mpaka jua likazama! Mzee mwenye mvi zako, umebana miguu mbele ya gunia!"

"Yooo!" wakaitikia wanawake wa ua mzima, na hapo hawakuwa wakiigiza tena. Kila mmoja alikuwa na gunia lake moyoni.

Mama Lanyero akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu. Wapi! Nani amnyamazishe mfiwa mbele za watu?

"Ukamshika mkono Mama Lanyero, mjomba! Ukamwambia, dada, nenda divisheni ukaombe msaada wa choo, hawa wanao wanateseka. Naye akakuahidi, mbele yetu sote akakuahidi! Utakufaje kabla hujakiona, mjomba wee?"

Ojera akainua kichwa. "Mama," akasema kwa upole, "ni kweli ulimwahidi marehemu?"

Mama Lanyero akapiga hesabu. Aseme hakumwahidi? Basi yeye ni mtu wa kumkana maiti mbele ya waombolezaji. Aseme Bisimwa hayupo? Na majirani wale wenye mkaa na maandazi, wamfanye nini? Akamtazama Nabintu kwa jicho la kumla mzima mzima. Nabintu akajifunika uso na kitenge, mabega yakimtikisika. Waliokuwa mbali walidhani ni kilio.

"Banange, jamani," akanong'ona Mama Lanyero. Kisha kwa sauti: "Ndiyo, afande. Nilimwahidi."

"Na ulitaka kuja lini ofisini?"

"Leo!" Nabintu akadakia kutoka ndani ya kitenge. "Alikuwa anavaa viatu, msiba ukamkuta."

"Basi mimi leo sikuja kukagua, nimekuja msibani," akasema Ojera. "Na mwenye nyumba ameomba mwenyewe, mashahidi ni nyinyi wote. Twende unionyeshe mahali."

Hakungoja kuonyeshwa. Alizunguka nyuma, akaiona ile kona, akapiga makofi. "Hata msingi umeshajenga! Mama, wengine tunawakimbiza kwa rangi, wewe umetutangulia kwa matofali!" Akapima kwa tepu, akapigilia vigingi. Mafundi watakuja wiki hii hii, akasema, na choo kitakuwa cha milango mitatu, ya mbao, yenye komeo. Akaaga, akalichukua kopo lake lililojaa na kuondoka.

Mama Lanyero alitazama vigingi vilivyokaa katikati ya chumba chake. Akaketi chini pale pale.

"Bisimwa!" akapiga ukunga. "Bisimwa wee, umenimaliza!"

Machozi ya kweli yakamwagika mashavuni, na makamasi juu. Majirani wakamkimbilia, wakamshika huku na huku, wakitazamana. Kumbe mama wa watu alimpenda kiasi hiki?

"Pole, mama," Nabintu akamwambia, akimpangusa kwa pindo la kitenge. "Lia tu, usizuie."