Mabega Ishirini ya Nguruwe

Mashine yangu ilitengenezwa kuvuta nondo mpaka zikatike. Kwa miaka kumi na tisa katika karakana ya chuo hapa mjini Iloilo nimeivutisha nondo, kamba za meli, na mara moja mikanda ya viti vya basi. Kisha akaja Dokta Perlita Sumagaysay na makasha mawili ya barafu.

"Nong Pulo," aliniuliza, akiniita kaka kwa heshima, "unakula nguruwe?"

"Kila nikimpata, Dok."

"Basi hawa usiwaguse. Ni wa utafiti."

Ndani mlikuwa na mabega ya nguruwe. Perlita ni daktari wa upasuaji wa mifupa, na alitaka kujua jambo moja: kano la bega likichanika, ukilirudisha kwenye mfupa wake, ni njia gani inalishika kwa nguvu zaidi? Yeye alipenda nanga, yaani skrubu ndogo zinazozamishwa mfupani zikiwa na nyuzi mkiani. Mwalimu wake, Dokta Jalandoni, mzee wa miaka sitini na minane, alitoboa mfupa kwa keekee, akapitisha uzi matunduni na kufunga fundo, kama alivyofanya tangu Perlita hajazaliwa.

"Mwalimu, huko ni kushona magunia," Perlita alimtania.

"Magunia yangu hayajamwaga mchele bado, Inday," alijibu, akimwita binti kwa lugha yetu.

Mtazamaji wetu alikuwa baba yake Perlita, Tay Ondoy, mpika batchoy, supu ya tambi, wa mtaa wa La Paz. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipigilia bati baada ya kimbunga, na tangu hapo mkono wake wa kulia haukupanda kupita kifua. Alikuwa afanyiwe upasuaji wiki mbili baadaye, kwa nanga. Nyumbani alichoka kukaa bure, basi akaja kukaa bure kwetu, mkono kwenye kitambaa shingoni, akitafuna karanga.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Kano liliponyoka kwenye taya za mashine kama sabuni. Nililizungushia msasa, halikukubali. Mwishowe niliigandisha ncha yake kwa barafu kavu, likashikika barabara. Tukavuta mabega kumi na mawili, sita ya nanga, sita ya uzi. Nanga ziliachia kwenye nguvu ya karibu nyutoni mia nne. Uzi haukufika mia tatu.

"Magunia yamemwagika, Mwalimu!"

Jalandoni aliguna, akaomba karanga.

Mchana tulifungua kasha la pili, mabega manane. Nanga ya kwanza ikachomoka kwenye mia na arobaini, ikija na unga wa mfupa. Ya pili vivyo hivyo. Perlita alimpigia simu muuza nyama wake.

"Manang, hawa nguruwe ni wa namna gani?"

Sauti ya mama yule tuliisikia wote. "Majike wazee, Dok! Wamezaa mpaka wamechoka. Vijana wote wamechinjwa kwa sikukuu ya fiesta."

Perlita akashusha pumzi. "Basi hawahesabiki. Mifupa biskuti hii. Nong Pulo, futa."

Nilimtazama Jalandoni. Angeweza kumcheka, lakini aliinua macho akaangalia pangaboi.

"Inday," Tay Ondoy akasema, "mimi ni nguruwe yupi?"

Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Tay Ondoy hakucheka.

"Nina miaka sabini na miwili. Nauliza tu."

Perlita aliketi juu ya kasha la barafu. Kisha akaniambia, "Usifute. Tuendelee." Tukamaliza yote manane. Kwenye mifupa ya wazee, uzi ulishika zaidi ya mia mbili. Hakuna nanga iliyofika hapo.

Kesho yake alimpeleka baba yake kupimwa mfupa. Ulikuwa laini, kama alivyoogopa.

"Nong," aliniambia, "nilikuwa namwekea nanga kwa sababu nanga ndiyo njia yangu. Wala sikumpima."

Siku ya upasuaji alikataa kushika kisu, akamwachia Jalandoni. Alikaa nje nami, akinyofoa lebo ya chupa ya maji vipande vidogo vidogo. Jalandoni alipotoka, alivua kofia na kujifuta shingo.

"Keekee ilipita kama kwenye papai. Lakini nimeshuka chini, penye mfupa mgumu, nikafungia pale. Acha kulia, mtoto. Nenda kamwone."

Kwenye mkutano wa madaktari kule Cebu, Perlita alionyesha majedwali yote mawili: nanga kwa mifupa michanga, uzi kwa mikongwe. Kijana mmoja akauliza kwa nini hakuwaondoa majike wale waliomharibia hesabu.

"Kwa sababu ndio wagonjwa wangu," alijibu.

Tay Ondoy alifanya mazoezi kwa ubishi, akiwatambia wauguzi kwamba ameshapona tangu juzi. Mwezi wa tano baada ya upasuaji alijichana nywele mwenyewe kwa mkono wa kulia, mbele ya kioo, polepole, mpaka nyuma ya kichwa. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama.