Kombe la Mzee Wakil

Mzee Wakil alipopotewa na ulimi kwa robo saa nzima, barazani pale Malindi, mkewe Bi Mardhiya alimkokota hospitali siku ile ile. Daktari akawaeleza taratibu: mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umekuwa mwembamba. Ameze vidonge kila siku, cha presha, cha kupunguza mafuta na cha kuzuia damu isigande, na sigara aache. Vikishindwa, watapitisha waya kutokea pajani mpaka kichwani, wakaupanue mshipa huo.

"Ugonjwa wa kichwani, wao waingilie pajani!" Wakil alifoka njia nzima. "Mie nimekumbwa na upepo. Nnataka kombe."

Vidonge vikakaa kabatini siku tatu. Bi Mardhiya alimjua mumewe: kichwa kigumu, tena anaona haya kuonekana mgonjwa mbele ya wenzake wa baraza. Aliogopa robo saa nyingine ije, na safari hii isiondoke.

Basi akaenda kwa Maalim Machano, ambaye huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa; ndilo kombe lenyewe. Maalim alimsikiliza, akacheka hadi kofia ikamteleza. "Vidonge hivyo hivyo nnavimeza mwenyewe, mwaka wa pili huu," alisema. "Kombe ntaandika. Ila lina sharti."

Sharti lenyewe: kombe halinywewi mpaka vidonge vya hospitali vitangulie, na mgonjwa asihoji. Wakil, aliyembishia daktari na mashine zake zote, hakuthubutu kumvunjia Maalim sharti. Akameza. Sigara nayo ikatiwa kwenye masharti. Mwezi mzima Bi Mardhiya alikuwa akicheka peke yake jikoni.

Asubuhi moja kombe likaisha, na Maalim kasafiri kwenda Pemba. Bi Mardhiya akasimama mbele ya mumewe na vidonge mkononi.

Wakil akavichukua, akavimeza kwa maji matupu.

"Unanitolea macho ya nini? Nshajua tangu siku ya kwanza. Kombe gani linakataza sigara?" Kisha akashusha sauti. "Siku ile nlitaka kukuita, jina lako likagoma kutoka. Nliogopa, Mardhiya. Lakini wale wa barazani wakikuuliza, waambie ni zafarani."